Njuga Chini ya Kiti cha Benon

Njuga ililia Jumanne, saa tatu asubuhi, jua limeshaingia mpaka katikati ya karakana, na baiskeli zote kumi na moja zikiwa zimening'inia kwenye ndoano zao bila hata moja kutikisika.

Ililia mara moja tu. Sauti nzito, ya chuma kilichofuliwa kwa mkono.

"Nani ameingiza mbuzi humu?" Usumani, mwenye karakana, aliuliza bila kuinua uso kwenye cheni aliyokuwa akiipaka mafuta.

Harufu ilitangulia jibu. Harufu ya mbwa aliyelowa, na nyuma yake tope la mafunjo. Sasa Nyakabanda mafunjo yatoke wapi? Nyakabanda ni vioski, cherehani na watu wanaokaanga sambusa barazani. Mafunjo yako chini kabisa, kwenye mto Nyabarongo, mwendo wa saa nzima na nusu kwa baiskeli.

"Labda ni tumbo la kaka Nahimana," Benon akasema. "Leo alinyima tumbo chapati, sasa linaita watu."

Wakacheka. Nahimana naye akacheka, kwa sababu asingecheka wangemtazama, na siku hiyo hakutaka kutazamwa. Kati ya wote waliokuwa mle ndani, yeye peke yake alijua njuga ilikuwa wapi. Ndiye aliyeifunga.

Kwa miaka minane Nahimana alikuwa mtu wa mbele. Alikulia Bujumbura, akaja Kigali na begi moja na mikono inayojua baiskeli, na Usumani, Mwislamu mzaliwa wa hapo hapo mtaani, akamchukua. Kazi yao ni kuwapeleka wageni kwa baiskeli. Hushuka nyuma ya mlima Kigali, wakafuata bonde la Nyabarongo kati ya miwa na matanuri ya matofali, wakavipitia vijiji vya kale: palipokuwa na boma la chifu, kanisa la mapadri wa kwanza, na kijiji cha wahunzi, ambako chuma kilifuliwa tangu enzi za wafalme. Mtu wa mbele huvaa fulana ya njano, huonyesha njia na kusimulia. Mtu wa mkia hubeba pampu na viraka. Sheria ya mkia ni moja: nyuma yako pasibaki mtu. Kila wakivuka daraja au kona mbaya, mkia hupiga kengele mara mbili, maana yake wote tumepita, na wa mbele ndipo huendelea.

Kisha akaja Benon. Kijana wa miaka ishirini na sita, aliyekulia Uganda, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Mwanzoni alikuwa mkia, na alimwita Nahimana "kaka" kwa heshima zote. Nahimana ndiye aliyemfundisha kuziba pancha. "Usikimbilie kiraka," alimwambia siku ya kwanza. "Kwanza pitisha kidole ndani ya tairi, polepole, mpaka uupate mwiba. Ukiziba na mwiba ungali ndani, umejidanganya. Mbele ya safari utalia."

Miezi sita haikupita. Wageni wakaanza kuandika mtandaoni, na Usumani akawa anasoma kwa sauti kwenye simu: Benon hivi, Benon vile, Benon ametuchekesha. Asubuhi moja akaitungua fulana ya njano kwenye msumari, akampa Benon.

"Nahimana, wewe una jicho la fundi," akasema. "Mkia unataka fundi. Usichukulie vibaya."

"Sichukulii, mzee."

Alichukulia. Tena alichukulia mpaka usingizi ukamkimbia. Fulana yenyewe angeweza kuisamehe, ingawa ilimkaa Benon vizuri kuliko ilivyowahi kumkaa yeye. Hadithi ndizo zilizomuua. Hadithi za chifu na ng'ombe wake mwekundu, za mapadri na nyuki, hizo Nahimana ndiye aliyezikusanya, nyumba kwa nyumba, kwa kukaa na watu na kunywa nao urwagwa, pombe yao ya ndizi. Sasa Benon alizisimulia mbele kwa Kiingereza, na wageni walicheka pale pale ambapo kwake hakuna aliyewahi kucheka. Na yeye huko mkiani, jasho likimwingia machoni, akiusikia upepo ukimletea kicheko.

"Baiskeli ni ile ile, njia ni ile ile," mkewe Alida alimwambia. "Unalilia rangi ya nguo?"

Jumapili alipokea Komunyo wivu ukiwa umemjaa kifuani, na alijua kwamba anafanya vibaya, na akapokea vilevile.

Jumapili hiyo hiyo, alasiri, walikuwa na wageni katika kijiji cha wahunzi. Mukabalisa, mjane wa mhunzi wa mwisho, huwauzia wageni visu vidogo na njuga za mbwa. Zamani mbwa wa kuwinda alifungwa njuga shingoni ili mwenyewe amsikie kichakani. Wageni wakiwa wanakula mahindi ya kuchoma, Nahimana akaokota njuga moja nzee kuliko zote, imejazwa nyasi kavu mpaka mdomoni.

"Hiyo hapana," Mukabalisa akasema. "Hiyo siuzi."

"Kwa nini, mama?"

"Iko na mwenyewe. Ona hizo nyasi. Ulimi wake umefungwa, isilie ovyo. Mbwa akipumzika, njuga inajazwa nyasi. Ukitoa nyasi na huendi kuwinda, basi umeita Mwindaji. Yule hana mbwa siku nyingi sana. Atamfuata aliyefungwa njuga, atafikiri ni wake."

"Na akimfikia?"

"Wewe ukimpata mbwa wako aliyepotea, unamwacha?" Akainyoosha mikono aichukue. "Tena mkono uliotoa nyasi ndio unaweza kuzirudisha. Mkono mwingine zinamwagika tu. Lete hapa."

Mgeni mmoja akamwita Mukabalisa amuulize habari za kisu, akageuka. Alipogeuka tena, Nahimana alikuwa ameshatoka, na njuga mfukoni.

Aliifunga chini ya kiti cha baiskeli ya Benon kwa ukanda wa tyubu kuukuu, fundo la kifundi lisiloonekana mpaka uinamishe kichwa. Akachomoa nyasi, akazitupa mtaroni. Alijiambia ni mzaha. Alijiambia itampigia kelele njia nzima, wageni wachukie, basi. Mtu hujiambia mengi mkono ukishatenda.

Lakini njia nzima, juu ya mawe na mashimo, njuga haikulia hata mara moja. Alidhani imekufa. Ikalia Jumanne ndani ya karakana, baiskeli zimetulia.

*

Alhamisi walishuka bondeni na wageni sita. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, mzito, na kwenye barabara ya udongo katikati ya miwa Nahimana aliona mgongo wa mgeni wa mwisho na zaidi ya hapo hakuona kitu. Benon siku hizo mbili alikuwa amebadilika. Alijikuna kigimbi cha mguu mpaka damu. Mtu akipiga mluzi barabarani, hata wa kuita mototaksi, kichwa chake kiligeuka upesi mno. Asubuhi hiyo alikuwa amemnong'oneza Nahimana, "Kaka, naota nakimbia. Lakini kaka, nakimbia kwa miguu minne."

"Ni uchovu, mdogo wangu," Nahimana akamwambia.

Wakafika penye daraja la mbao. Wageni wakavuka mmoja mmoja, yeye akavuka wa mwisho, akapiga kengele mara mbili: wote tumepita. Msafara ukaondoka tena. Ndipo, nyuma yake, upande wa pili wa daraja alikotoka, mbao zikalia.

Alijua hakuna mtu. Mkia ni yeye. Lakini mbao zililia moja baada ya nyingine kama zinavyolia chini ya mtu mzima asiye na haraka, na harufu ya mbwa aliyelowa ikamfikia kabla ya kitu chenyewe, ikamwingia puani mpaka kooni, na Nahimana akakanyaga pedali kwa nguvu zote alizojaliwa, akabadili gea, akakanyaga tena, na bado zile hatua, hatua za miguu mitupu kwenye tope, zilizidi kukaribia bila kukimbia, mpaka akasikia pumzi karibu na bega lake la kushoto, pumzi ya mtu aliyetembea miaka mingi akitafuta alichopoteza, na kitu cha baridi kikamgusa kiwiko, polepole, kwa adabu, kama mtu anavyomgusa mwenzake anapoomba njia.

Nahimana akampisha.

Hilo ndilo baadaye lilimtesa kuliko yote. Hakupiga kelele, hakuita "Benon!" Alisogea pembeni mwa barabara, akampisha. Na ndani ya hofu yake, chini kabisa, palikuwa na kauli ndogo isemayo: haniji mimi. Asante Mungu, haniji mimi.

Mbele, ndani ya ukungu, mluzi ukalia. Mluzi mrefu unaopanda mwishoni, wa kumwita mbwa. Kisha chuma kikaanguka, wageni wakapiga mayowe.

Walimkuta Benon mtaroni katikati ya miwa, goti limegeuka. Hakulia. Alikuwa ameinua uso, ametega masikio kuelekea mtoni.

"Aliniita," akasema. "Kaka, aliniita kama wa kwake."

*

Hospitali wakalifunga goti plasta, lakini usiku na mchana Benon alilala chini sakafuni amejikunja, hataki kitanda, na chakula alikitaka chini. Usumani hakutaka kusikia mengine. Ijumaa baada ya sala akamleta maalimu mmoja mzee kutoka Biryogo, wakamlaza Benon kwenye mkeka ndani ya karakana, mlango ukafungwa, ubani ukawashwa. Nahimana alisimama pembeni ameshika rozari mfukoni. Dini zilikuwa mbili mle ndani, hofu ilikuwa moja.

Maalimu akasoma. Akasoma kwa muda mrefu, sauti yake haipandi wala haishuki, mpaka Benon akaanza kuhema, ulimi nje, na harufu ya tope ikaushinda ubani. Ndipo njuga ikalia. Safari hii Usumani aliufuata mlio. Akainama chini ya kiti cha baiskeli iliyovunjika, akakata ukanda wa tyubu kwa kisu, akainyanyua njuga juu.

"Hii nani kaiweka?"

Benon akajibu, lakini si kwa sauti ya Benon. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, mchovu, isiyo na hasira hata kidogo.

"Mimi sina ugomvi na nyinyi. Niliitwa. Nimemkuta mbwa wangu, naenda naye."

"Huyu si mbwa, ni mwana wa Adamu," maalimu akasema.

"Ana njuga yangu. Mdomo wake uko wazi. Aliyeufungua yumo humu."

Usumani akamtazama maalimu, maalimu akawatazama wote, na Nahimana akaitazama sakafu. Ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: ni mimi, nisamehe. Yakafika kwenye meno, yakagonga, yakarudi. Alifikiria fulana ya njano. Alifikiria Usumani akimtoa nje ya lango. Alifikiria Alida.

"Mzee, naomba niione," akasema badala yake, kama fundi anayetaka kukagua kifaa.

Akaipokea. Akageukia ukutani, kwenye kona walikoweka nyasi kavu za kufungia vioo vya baiskeli, akazisokota kidogo akazisukuma ndani ya njuga kwa kidole gumba. Nyasi zikashika.

Benon akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho. "Mbona mmeniweka chini?" akauliza. "Nina njaa."

Wakamshukuru Mungu, kila mmoja kwa jina alilozoea. Ila maalimu, alipokuwa akivaa viatu, alisema bila kumtazama mtu: "Ameondoka, lakini hajarudi kwao. Njuga irudishwe ilikotoka, na mkono ule ule ulioitoa, na mwenye mkono aseme mbele ya ndugu yake. Bila hivyo tumefunga mlango bila komeo."

"Nani ataipeleka?" Usumani akauliza.

Atakayeipeleka ndiye aliyeileta. Nahimana alilielewa hilo haraka sana, akanyamaza. Usumani akaitia njuga kwenye droo ya spana, ikakaa humo.

*

Jumatatu Usumani akaitungua fulana ya njano akamrudishia Nahimana. "Shika, mpaka goti la Benon lipone." Daktari alikuwa ameshasema goti lile halitapanda tena mlima.

Nahimana akaungama kwa padri. "Nilikuwa na wivu, padri. Nikamfanyia mwenzangu ubaya." Padri akamuuliza, "Umemwambia?" Akasema bado. "Basi nenda ukamwambie, hapo ndipo toba yako inaanzia." Akaenda. Alinunua ndizi mbivu na maparachichi, akampelekea Benon, wakaongea mpira saa nzima, akarudi nyumbani.

Akafanya hivyo wiki ya pili, na ya tatu. Maparachichi yakawa mengi, neno likabaki lile lile tumboni.

Benon alipoweza kutembea kwa fimbo, Usumani akampa kazi ya kukaa mlangoni, kupokea simu na kuandika majina ya wageni. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti chake, mguu umenyooshwa juu ya kreti ya soda, akiwatazama wakitoka. Mkia sasa alikuwa Kamikazi, binti mwenye miguu ya chuma. Benon aliwapungia mkono. Siku moja Nahimana alimsikia nyuma yake akisema, taratibu, kama mtu anayeongea na ukuta, "Fulana imekupendeza, kaka."

Wiki ya tano, Jumamosi, Nahimana akashuka na wageni wanane. Jua lilikuwa zuri, hakuna ukungu, na hadithi ya chifu na ng'ombe wake ilimtoka vizuri, hata wageni walicheka. Alipovuka daraja la mbao akasimama, akangoja kengele ya Kamikazi.

Kring, kring. Wote tumepita.

Na kimya kilipotua juu ya miwa, baiskeli zote zimesimama, njuga ikalia. Karibu. Karibu mno. Chini yake.

Simu ikaita mfukoni. Ilikuwa Benon, analia.

"Kaka! Uko wapi? Umefika mtoni?"

"Nimevuka sasa hivi. Kuna nini?"

"Angalia chini ya kiti chako. Kaka, nisamehe. Nilikuona siku ile. Wageni wakila mahindi, nilikuona kule kwa wahunzi umeinama kwenye baiskeli yangu. Sikujua unafanya nini, mpaka Usumani alipoikata. Nikangoja useme. Kila ulipokuja na maparachichi nilisema moyoni, leo atasema. Wiki tano, kaka! Na wewe unatoka kila asubuhi na fulana yangu na miguu miwili. Leo asubuhi nikachoka. Nikafungua droo."

Nahimana alikuwa ameshapitisha kidole chini ya kiti, polepole, kama anayetafuta mwiba ndani ya tairi. Kikagusa chuma baridi. Kikaingia ndani. Hapakuwa na nyasi.

"Ni mimi," akasema, na neno likatoka jepesi kuliko alivyowahi kudhani, jepesi mpaka akaona aibu. "Ni mimi niliyeifunga, Benon. Ni wivu tu. Hukunikosea kitu. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe. Nawe?"

"Nimekusamehe."

Aling'oa nyasi kando ya barabara kwa mikono miwili, akazisukuma ndani ya njuga. Zikamwagika. Akasukuma tena, akakandamiza kwa kidole gumba. Zikamwagika juu ya viatu vyake kama zilizosukumwa kutoka ndani. Ndipo akayakumbuka maneno ya Mukabalisa: mkono mwingine zinamwagika tu. Akavuta fundo, naye alilijua fundo hilo, ndiye aliyemfundisha Benon. Halikulegea.

"Kaka? Zimeshika?"

"Hazishiki. Hazinitaki."

Akasikia fimbo ikigonga sakafu huko Nyakabanda, na sauti ya Benon ikiita, "Mototaksi! Mototaksi, simama!" Kisha: "Nakuja, kaka. Napanda mototaksi sasa hivi, nakuja niizibe mwenyewe. Nusu saa. Usisimame hapo, endesha! Unanisikia? Endesha!"

Nyuma, kutoka mwisho wa msafara, sauti ya Kamikazi ikapaa juu ya vichwa vya wageni, ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza jambo dogo.

"Kaka Nahimana! Huyu mzee anayeomba njia, nimpishe?"

Mbao za daraja zilikuwa zimeshanyamaza. Harufu ikaja na upepo. Nahimana akapanda baiskeli, akakanyaga pedali, na barabara nyekundu ikafunguka mbele yake katikati ya miwa, ndefu, tupu, ya kwake peke yake kama alivyoomba siku zote. Na nyuma yake mluzi ukaanza, mrefu, ukipanda mwishoni. Na kwa mara ya kwanza maishani Nahimana alitamani kuwe na mtu mbele yake.